Mama Masikio na Picha ya Ngazini

Jina la Mama Masikio alipewa na kazi yake. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele, kati ya fundi viatu na duka la vitambaa: pazia jeupe ukutani, taa mbili zenye miavuli, kigoda cha kuzunguka ambacho mwenyewe alikipigilia msumari kisizunguke, na kioo kidogo chenye kitana kilichofungwa uzi ili kisiondoke na mteja. Miaka arobaini alipiga picha za vitambulisho na pasipoti. Ukikaa tu kwenye kigoda, hata salamu hazijaisha, alikuambia, "Masikio. Nataka masikio yote mawili." Mwenye nywele nyingi alizirudisha nyuma, mwenye kofia aliivua, mwenye shingo ya kuinama aliinuliwa kidevu kwa kidole kimoja kama mtoto anayekaguliwa meno. Na picha zake hazikurudishwa kwenye dirisha la ofisi yoyote hata siku moja. Hilo hata wasiompenda walilikubali, na wasiompenda hawakuwa haba.

Kwake picha ilikuwa na mahali pamoja pa kukaa mtu, napo ni katikati. "Mtu si bawaba," alisema, "akae pembeni mwa mlango." Na ili asikosee alijitengenezea vipimo. Kile cha pasipoti alikikata kwenye bati, vile vikubwa kwenye kadibodi nene, kila kimoja na tundu la mraba katikati. Analaza kadibodi juu ya picha, anaisogeza mpaka uso umeingia katikati ya tundu, anapitisha kisu kwenye kingo za ndani, basi. Kinachobaki chini ya kadibodi kinakwenda kwenye ndoo. Aliweza kukata picha hamsini huku akibishana na fundi viatu dirishani, wala asiangalie anachokitupa, maana mtu haangalii maganda.

Magoti yalipoanza kumgomea, kaka yake alimletea binti yake amsaidie kazi za nje: harusi, mahafali, picha za familia majumbani. Binti huyo alikuwa na alama nyeusi juu ya mdomo, wakamwita Kidoti. Alikuwa mpole wa maneno lakini mbishi wa vitendo, na ubishi huo, tuseme ukweli, hakuutoa mbali. Siku moja shangazi alikuta kioo cha nyuma ya kamera kimechorwa kwa penseli ya nta, mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, kama dirisha la nondo.

"Umeniharibia kamera."

"Inafutika, shangazi. Ni ya kunikumbusha. Unaigawa picha mafungu matatu hivi, na matatu hivi. Mtu unamweka pale mistari inapokutana."

"Na katikati anakaa nani?"

"Hakai mtu. Jicho linapita."

"Linapita linakwenda wapi? Mteja ameoga, amepiga pasi, amekuja hapa kupigwa picha, wewe unampisha pembeni jicho lipite?"

Fundi viatu alikuwa ameshaacha nyundo ili asikie vizuri. Kidoti akacheka, akasema, "Jicho ni kama mgeni, shangazi. Ukilipa njia litaifuata. Ukuta, uzio, barabara, chochote chenye mstari. Na njia ikipinda ndiyo nzuri zaidi, maana unataka kujua mbele kuna nini."

"Mbele kuna mtaro," akasema fundi viatu. "Mimi njia iliyopinda ilinivunja kifundo."

Wakacheka wote watatu, na mambo yakaishia hapo. Lakini kila Kidoti alipoleta picha zake za pembeni, shangazi alizilazia kadibodi akamrudisha mtu katikati, na Kidoti akanyamaza. Miaka miwili ilikwenda hivyo.

Sasa palikuwa na mama mmoja mstaafu, watu wote wakimwita Mkunga, kwa sababu nusu ya mtaa ule aliipokea kwa mikono yake na nusu nyingine aliichapa makofi matakoni ilie. Alikaa kwenye nyumba ya baba yake, fundi seremala wa zamani, aliyejenga ndani yake ngazi ya mbao iliyopinda kama mkono wa mtu anayekukaribisha, na mbao ya kushikia iliyolainishwa mpaka inateleza. Mkunga alikuwa na mdogo wake mmoja, mshonaji mapazia, aliyeishi mbali. Kwa miaka kumi na mmoja ndugu hawa hawakusemeshana. Mama yao aliugua kitandani miaka miwili, Mkunga akamuuguza peke yake, mdogo akawa wa kutuma salamu. Siku ya mazishi mdogo akaja analia, naye Mkunga, kwa uchovu na uchungu, akamwambia mbele za watu, "Unamlilia nani? Huyu hukumjua." Mdogo akafuta machozi, akarudi alikotoka. Ikawa ndiyo imetoka.

Mwaka huo Mkunga alipotimiza miaka sabini, alimpigia simu mdogo wake akamwambia neno moja, "Njoo." Na mdogo akaja, na begi moja, kwa wiki moja. Mtaa mzima ulijua. Watu walipita mbele ya ile nyumba wakijifanya wana haja barabarani, kumbe wanataka kuona kama wale wawili wanacheka.

Mkunga akaagiza picha ya familia ya kutundika sebuleni. Kidoti akaenda. Alipofika aliwakuta wajukuu wameshapangwa ngazi za chini, wakwe kwa wana, Mkunga katikati yao. Lakini mdogo mtu alikuwa amesimama juu kabisa, ngazi inapoishia, kando ya dirisha. "Mimi niacheni hapa hapa," alisema. "Huko chini ni kwenu." Walimsihi, hakushuka. Basi Kidoti hakumvuta. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, akachuchumaa, akainua kamera, akangoja. Alingoja mpaka Mkunga akachoka kutazama kamera, akageuza uso kumtafuta mdogo wake kule juu. Hapo ndipo Kidoti akabonyeza.

Jioni ile aliichapa kubwa, akailaza mezani ikauke. Wakati anavaa kandambili kwenda kuoga alisema, "Shangazi, hiyo naomba usiikate. Iko kamili."

Angenyamaza labda ingepona. Mama Masikio alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimwambia usiguse sufuria ni moto, atagusa ili akuonyeshe haina moto. Asubuhi Kidoti alikwenda shule moja kupiga picha za wanafunzi. Shangazi akaichukua ile picha akaishika mbali na uso. Akaona kundi la watu limesongamana upande wa kulia kama wanaokwepa mvua. Upande wa kushoto ni mbao, ukuta, na huko juu dirisha lenye pazia. Na Mkunga mwenyewe haangalii hata kamera. "Picha nzima nusu yake ngazi," alisema peke yake. "Mtu anatundika ngazi sebuleni, hali ngazi anayo?" Akachukua kadibodi kubwa, akailaza, akasogeza mpaka Mkunga akakaa katikati kama malkia. Kisu kikapita pande nne. Akaitia kwenye fremu yake nzuri ya mbao nyeusi, akaifunga kwa karatasi, akabeba mwenyewe, magoti na yote, maana fremu zake alipenda zisifiwe yeye akiwepo.

Walimpokea vizuri. Alipewa kiti kikubwa. Ndugu wote wawili walikuwepo sebuleni, na Mama Masikio akaona kwamba mdogo mtu amevaa futi yake ya kushonea shingoni, anapima mto wa kochi, na Mkunga anamtania kwamba hata kaburini atakwenda anapima. Walikuwa wanacheka kweli. Mama Masikio alilikumbuka hilo baadaye mara nyingi kuliko alivyotaka.

Mkunga akafungua karatasi. Akaitundika picha ukutani.

Mjukuu mmoja wa miaka minne akasogea, akauliza, "Bibi anaangalia nini?"

Maana kwenye picha Mkunga alikuwa ameinua uso kushoto na juu, na kule alikotazama hapakuwa na kitu. Fremu tu.

Mdogo mtu akaja karibu, taratibu. Akaitazama picha yote, uso mmoja mmoja. Kisha akanyoosha kidole, si kwenye picha, bali kwenye ukuta mtupu, hatua moja kushoto kwa fremu. "Mimi nilikuwa hapa," alisema. Akarudisha mkono, akaikunja futi yake vizuri mpaka ikawa kiduara. "Haya. Ujumbe umefika."

"Mdogo wangu, mimi sikusema ukatwe."

"Sijasema umesema, dada." Akapanda ngazi. Huko juu mlango ukafungwa, si kwa kishindo, na afadhali ungekuwa kwa kishindo.

Mkunga akamgeukia Mama Masikio. Alikuwa na sauti ya chini, ile aliyowatulizia wazazi miaka yote. "Nani aliyeikata hii?"

Hapo palikuwa na nafasi. Kama unga kidogo uliobaki kwenye kinu, lakini ilikuwepo. Mama Masikio alilisikia jibu la kweli limefika kooni, akaliona lilivyo kubwa, akaona wakwe na wana wote wanamtazama, na yeye ndiye aliyekalia kiti kikubwa. Akasikia mdomo wake unasema, "Yule mtoto wa kaka yangu, bado anajifunza. Nilimkataza asikate."

Alisema hivyo. Hakuishia kumpa mtoto kosa lake, alimchukulia na maneno yake mema akajivika yeye. Njia nzima ya kurudi uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko, na watu waliomsalimu hakuwaitikia.

Jioni Kidoti akarudi. "Wameipenda, shangazi?"

"Wameitundika," akasema, akajishughulisha na kitana.

Uongo una miguu mifupi lakini mtaa ule ulikuwa mdogo zaidi ya miguu yake. Kesho yake asubuhi Kidoti alipeleka gunia la mahindi mashineni kusaga. Alirudi nalo hivi hivi, halijasagwa, akalitua mlangoni. Hakuingia. Aliongea akiwa amesimama kizingitini.

"Shangazi, ile picha nilikuambia nini?"

Mama Masikio alikuwa anakata pasipoti. Aliendelea kukata.

"Mkwe wa Mkunga yuko mashineni. Anasema nilikatazwa nikakata. Kwamba yule mshonaji kalala bila kula, na kesho anaondoka na basi la saa sita, na hatarudi tena. Mwenye mashine kaniuliza kama gunia langu nalo nalikata nusu nusu. Kuna mwingine kaniita Wembe. Watu wamecheka."

"Ukawajibu nini?"

"Nijibu nini? Niseme shangazi yangu mwongo?"

Kisu kikasimama. Fundi viatu upande wa pili naye alikuwa amesimamisha nyundo, na safari hii hakuwa na utani wowote. Kidoti akavua mkanda wa kamera shingoni. Akashika upindo wa nguo yake, akafuta kioo cha kamera, ule mstari na huu, yote minne, mpaka kikawa kisafi kama siku kiliponunuliwa. Akaiweka mezani. "Nakwenda kwa baba," akasema. Akajitwisha gunia lake.

Alipoondoka, Mama Masikio alikaa kitako akiongea moyoni mwake maneno ya kujitetea, na alikuwa nayo mengi. Kwani ni nani aliyemfundisha kushika kamera? Ni nani aliyemlisha? Na picha yenyewe si ilikuwa imepinda? Lakini maneno yalikuwa kama nguo za mtoto kwa mtu mzima, kila alilolijaribu halikupita kichwani. Mwisho akawasha kompyuta, akaitafuta picha, akaifungua nzima.

Kama alivyozoea, aliangalia katikati. Katikati palikuwa na mbao. Akajilazimisha kukaa pale, macho yakakataa. Yalishika ile mbao ya kushikia yakapanda nayo, kutoka kwenye mikono ya wajukuu, kutoka kwenye bega la Mkunga, yakapinda ilipopinda, yakapanda tena, mpaka yakafika juu kushoto, pale mistari ya Kidoti ingekutana. Na pale palikuwa na mwanamke. Amesimama dhidi ya mwanga wa dirisha, nguo yake ya maua rangi moja na mapazia, mkono mmoja juu ya mbao ile ile iliyoshikwa na wenzake huko chini. Mkunga anamtazama yeye. Na yeye, uso wake ulivyokaa, anataka kushuka.

Mama Masikio alichukua kadibodi akaishika mbele ya kioo cha kompyuta. Yule mwanamke akatoweka. Akaiondoa. Akarudi. Alifanya hivyo mara tatu, nne. Miaka arobaini alijiita mtu wa kuona, akawakaripia watu kwa sikio moja lililojificha, na hapa binadamu mzima alimpita mkononi akamtupa kwenye ndoo pamoja na vipande. Aibu ya mbele ya watu angalau ina watu wa kukasirikia. Hii alikuwa nayo peke yake chumbani, na hapakuwa na wa kumrushia.

Akaichapa picha nzima. Mchana ule ule akaibeba mpaka kwenye mlango wa Mkunga. Yule mjukuu wa miaka minne alikuwa anacheza barazani, akamuuliza, "Unamtaka bibi?" Mama Masikio akasema, "Hapana, nilikuwa napita tu," akapita kweli, akazunguka mtaa mzima asionekane anarudi njia ile ile. Mwanamke wa miaka sitini na saba, amemkimbia mtoto.

Lakini basi la saa sita halimngoji mtu atafute ujasiri. Asubuhi iliyofuata alirudi, na safari hii alibeba picha, kadibodi na kisu. Alipiga hodi. Mshonaji ndiye aliyefungua, begi lake liko tayari miguuni.

"Dada yako yupo?"

"Yuko uani, anafua. Hajui aniage vipi, kwa hiyo anafua."

"Nina neno na wewe." Akafungua karatasi, akampa ile picha.

Mshonaji aliitazama muda mrefu, akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha ukucha kando ya umbo lake mwenyewe. "Mmeniongeza," akasema. "Nasikia siku hizi kompyuta inaongeza mtu hata aliyekufa. Kazi nzuri. Lakini mama, mimi ni mshonaji, kiraka nakijua hata kikishonwa vizuri."

"Si kiraka. Hii ndiyo ilivyopigwa. Ile ya ukutani ndiyo iliyokatwa."

"Na aliyekata aliambiwa na nani?"

"Hakuambiwa na mtu. Alikatazwa." Mama Masikio alihisi magoti yanamwambia akae, lakini hakukaribishwa kiti, akabaki amesimama. "Aliyekata ni mimi. Yule binti aliniambia nisikate. Nikakata, halafu hapa ndani nikasema ni yeye."

Mshonaji akaishusha picha. Kisha akasema, "Kwa nini?"

"Kwa nini nilikata, au kwa nini nilisema?"

"Anza na kukata. Kusema najua, hata mimi ni binadamu."

"Napenda mtu akae katikati."

"Ukaniona niko pembeni, ukanitoa."

Hapa ndipo palikuwa pagumu kuliko kote. Angeweza kuitikia. Ingekuwa kosa la kiburi, na kiburi alikizoea, kina heshima yake. "Nionyeshe ulivyofanya," akasema mshonaji. Basi Mama Masikio akalaza picha juu ya meza ndogo, akaweka kadibodi, akaisogeza mpaka Mkunga akaingia katikati ya tundu. Mshonaji akainama, akatazama. Upande wa juu kushoto alikuwa hayupo. Kadibodi tupu.

"Kwa hiyo hukuniona."

"Kabla sijaweka kadibodi niliiangalia. Niliona dirisha na..." Akaondoa mkono kwenye kadibodi. "Nilidhani wewe ni pazia."

Mshonaji alimkazia macho. Halafu akaketi kwenye begi lake, polepole. "Afadhali ungeniona ukanikata," akasema. "Miaka thelathini nashona mapazia ya watu. Leo mimi mwenyewe ni pazia."

Mama Masikio mara hii hakujitetea. Alikiweka kisu chake mezani.

Hapo akatambua kwamba Mkunga yuko kwenye mlango wa uani, mikono ina povu mpaka viwikoni. Haikujulikana amesimama tangu lini, lakini uso wake ulionyesha amesikia vya kutosha. Alikuja akaitoa ile kadibodi juu ya picha kwa vidole viwili, kama unavyotoa mdudu kwenye chakula.

"Ile siku mtoto aliniuliza naangalia nini," akamwambia mdogo wake. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Nilikuwa nakuomba ushuke."

"Ungeita."

"Nimekaa miaka kumi na mmoja siiti. Nilishasahau namna ya kuita."

Mshonaji akafuta pua kwa kiganja. Akatazama dirisha kule juu ngazini. "Mapazia yenu yenyewe ni mabaya," akasema. "Yamepauka mpaka mtu anafanana nayo."

"Nani atanishonea?"

"Nipatie vipimo."

"Futi unayo wewe shingoni. Mimi najua kupima vichwa vya watoto tu."

Mshonaji akasimama, akaivua futi shingoni, akapanda ngazi. Basi la saa sita alilipanda siku ile, sitaki kukudanganya kwamba hakulipanda. Lakini aliondoka na vipimo vya madirisha sita mfukoni, na vipimo havipimwi na mtu asiyerudi.

Kabla ya hapo Mama Masikio alikuwa bado amesimama sebuleni. Mkunga akamgeukia, ile sauti ya chini ikarudi. "Ulinidanganya ndani ya nyumba yangu, umekalia kiti changu. Mimi nitapoa. Huyo mtoto je?"

"Nitakwenda kwa kaka yangu, nimwambie."

Kutoka juu dirishani, mshonaji akasema bila kugeuka, "Kwa kaka yako ndiko alikochafuliwa?"

"Hapana."

"Basi alipochafuliwa ndipo asafishwe. Doa huwezi kulifulia nguo nyingine."

Mama Masikio alitamani magoti yamshinde njiani. Hayakumshinda. Yale magoti yaliyokataa harusi na mahafali siku ile yalimfikisha mashineni kama ya msichana. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekalia magunia yao, vumbi la unga limewapaka nyusi weupe, wote wakawa wazee. Mkwe wa Mkunga alikuwepo, anasimulia jambo kwa mikono. Na nyuma kabisa, juu ya gunia lile lile la jana, amekaa Kidoti peke yake, kwa sababu watu wanapaswa kula hata wakichekwa.

Shangazi alisimama mbele yao wote akasema alichokuja kusema. Hakuna aliyesikia. Mashine ilikuwa inanguruma kama inayokata mawe, watu waliona mdomo unachezacheza tu, mmoja akamwonyesha kwa kidole kwamba mwisho wa foleni ni kule. Akamwendea mwenye mashine.

"Zima."

"Nini?"

"Zima, nina neno."

"Mama, nikizima kuiwasha ni kazi. Ina wazimu hii."

"Zima."

Akazima. Mkanda ukazunguka, ukapunguza, ukasimama. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mno kwa maneno machache aliyokuwa nayo. "Ile picha ya nyumba ya Mkunga," akasema, "aliyekata ni mimi. Mtoto wa kaka yangu alinikataza. Nikakata, kisha nikamsingizia."

"Sema tena," mtu akasema kutoka nyuma. "Huku masikio yamejaa unga."

Wawili watatu wakacheka, na yeye hakuwakaripia. Alisema tena yote, kwa sauti zaidi, na mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa alijua kila neno lilipo. Mkwe wa Mkunga alianza kukagua mshono wa gunia lake. Kidoti alikuwa anatazama chini, anachora vumbini kwa dole gumba la mguu.

"Umemaliza, mama?" mwenye mashine akauliza. "Niwashe?"

"Bado." Akamtazama mtoto wa kaka yake. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Kidoti hakuinua macho upesi. Alipoyainua yalikuwa mekundu, na hayakuwa na hasira wala hayakuwa na furaha. Alimtazama mwenye mashine. "Washa, kaka," akasema. "Watu wanangoja."

Mashine ikakohoa mara mbili, ikaunguruma, na hapakuwa tena na namna ya kuuliza kitu, wala kama atarudi studio, wala kama neno lile limepokelewa. Mama Masikio alipita kando ya watu mpaka nyuma kabisa, akasimama kwenye foleni nyuma ya Kidoti. Hakuwa na hata punje moja ya kusaga.